Achieng Oneko: Aliiwamba Ngoma, Wakaipiga Wengine

Ukimtajia mtu wa pwani kisiwa cha Manda, mara moja hukumbuka magofu ya Takwa, na ule msikiti wa kale wenye kaburi la nguzo. Ni wachache wakumbukao kuwa katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikifanya kisiwa hicho kuwa mahali pa kuwafungia wapigania uhuru. Miongoni mwao alikuwamo mtu wa ziwani, mzaliwa wa Uyoma upande wa Bondo, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa habari na utangazaji Kenya ilipopata Madaraka. Katika enzi yake ndipo ilipoanzishwa Sauti ya Kenya, redio na televisheni yetu ya taifa. Jina lake ni Ramogi Achieng Oneko, na leo napenda kuwaeleza wasomaji habari zake, maana naona vijana wetu hutazama mpira kila Jumamosi wasijue ni nani aliyeikomboa mitambo ile kutoka mikononi mwa wageni.

Oneko alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Tieng'a. Mimi nimepata kufika upande huo. Ukitoka Kisumu hupita Kisian, ukafika Ndori, kisha ukaiacha njia ya Bondo mjini na kushika ile iendayo Luanda Kotieno. Uyoma ni rasi iliyoingia ziwani, na watu wake ni wavuvi na wakulima kama walivyo watu wa visiwani kwetu. Kijana huyo alisomeshwa katika shule ya Maseno, shule ile ile aliyosoma Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo aliyekuja kuwa Makamu wa Rais.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Oneko aliona kuwa Mwafrika hana mahali pa kusemea. Redio ilikuwa ya Wazungu na magazeti makubwa yalikuwa ya Wazungu. Basi akaanzisha gazeti la Kijaluo lililoitwa Ramogi. Wakati huo huo Jaramogi na wenzake walikuwa na shirika lao la biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, nalo lilikuwa na matbaa yake mjini Nairobi. Yale yalikuwa mambo mapya, kwamba mtu mweusi ana chapa yake mwenyewe, na aliyoyaandika hayapiti mkononi mwa bwana mkubwa kwanza.

Kutoka kwenye kalamu akaingia siasa za chama cha KAU. Mwaka 1951 alifuatana na Mbiyu Koinange kwenda London kupeleka malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi yao. Koinange alibaki Uingereza, lakini Oneko alirudi. Usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, naye alikamatwa akiwa katibu mkuu wa KAU. Akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kati ya sita hao, mtu wa ziwani alikuwa yeye peke yake.

Mwezi wa Aprili 1953 wote walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alikata rufani, na mahakama ikamwona hana hatia. Hata hivyo hakuachiliwa. Serikali ilimtia kizuizini bila ya hukumu yoyote, na ndipo alipoletwa Manda. Huko alikuwa pamoja na Pio Gama Pinto, mwandishi mwenye asili ya Goa. Alikuja kuwa huru mwaka 1961, wakati mmoja na Kenyatta, akawa katibu wake.

Katika uchaguzi wa 1963 watu wa mji wa Nakuru walimchagua kuwa mbunge wao. Hili si dogo, kwani Nakuru si nchi ya Wajaluo. Ndipo akapewa Wizara ya Habari, Utangazaji na Utalii.

Alilolikuta huko ni hili. Mwaka 1961 serikali ya kikoloni ilikuwa imeunda Shirika la Utangazaji la Kenya na kulitia mikononi mwa makampuni ya nje, ya Uingereza, Kanada na Marekani. Shirika hilo ndilo lililoanzisha televisheni mwaka 1962. Lakini fedha zilikuwa haba, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala ilikuwa ikisemewa na wageni. Mwaka huo huo wa 1963, katika wizara ya Oneko, lilianza Shirika la Habari la Kenya, ili habari za nchi zikusanywe na wananchi wenyewe. Kisha, mwezi wa Julai 1964, Bunge lilikwisha pitisha sheria, na shirika lile la wageni likataifishwa. Likaitwa Sauti ya Kenya, idara chini ya waziri.

Wapenzi wa michezo watakumbuka kuwa miaka ile ile ndiyo ligi ya taifa ya kandanda ilipoanza. Bingwa wa 1963 alikuwa Nakuru All Stars, wa 1964 Luo Union, na wa 1965 Feisal ya kwetu Mombasa. Mwaka 1964 ndipo Leonard Mambo Mbotela, kijana wa Frere Town, alipojiunga na Sauti ya Kenya, na kwa miaka mingi wananchi waliuona mpira kwa masikio kupitia kinywa chake. Wazee waliozoea Sauti ya Mvita wanafahamu maana ya kusikia lugha yako ikitoka redioni, na sasa ilikuwa ikisikika nchi nzima.

Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kwa Oneko mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 24 Februari, 1965, Pinto, mwenziwe wa Manda, aliuawa kwa risasi Nairobi. Mwaka uliofuata Oneko aliacha uwaziri akamfuata Jaramogi katika chama cha upinzani cha KPU, na katika uchaguzi mdogo wa 1966 akakipoteza kiti cha Nakuru. Hapo ndipo ubaya wa kazi yake njema ulipojitokeza. Redio iliyo idara ya wizara husema analolitaka mwenye wizara. Wageni walikuwa wameondolewa, lakini aliyeshika kipaza sauti sasa alikuwa serikali, naye Oneko alikuwa nje.

Tarehe 25 Oktoba, 1969, Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Yakazuka machafuko, risasi zikapigwa na watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, na Oneko na Jaramogi wakatiwa kizuizini. Mwaka 1970 Mombasa ilipofunguliwa kituo cha televisheni, nasi watu wa pwani tukaanza kuyapata majumbani matangazo ya Nairobi, aliyeitaifisha televisheni hiyo alikuwa amefungiwa bila ya mashtaka. Aliachiliwa mwaka 1975. Ukijumlisha miaka tisa ya mkoloni na sita ya serikali ya uhuru, utapata miaka 15.

Vyama vingi viliporudi, wananchi wa Rarieda walimpeleka Bungeni mwaka 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya, naye ana miaka 72. Alifariki tarehe 9 Juni, 2007, akazikwa Kunya, kando ya ziwa. Alikuwa wa mwisho kufa kati ya wale sita wa Kapenguria.

Mimi simlaumu kwa lile la 1964. Kuwaachia wageni sauti ya taifa kusingewezekana. Lakini chombo cha umma ni amana, na amana haifai kuwekwa mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuifungia kabatini. Laiti sheria ile ingalimpa hata mpinzani nafasi ya kusikika, Oneko mwenyewe angalikuwa wa kwanza kunufaika nayo. Leo vituo vya redio na televisheni ni vingi, na kila mmoja huchagua mpira autakao. Ni vyema wenye vituo hivyo wakumbuke kwamba siku ya kunyamazishwa huweza kumfikia yeyote, hata waziri.