Dian Fossey, mama wa gorila aliyevuka Bunagana

Bariyeri yetu ya Bunagana imeona watu wengi wakikimbia. Mwezi wa saba 1967 ilimuona mzungu mmoja ndani ya Land Rover, masoda wakimlinda. Jina lake Dian Fossey.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Alisaidia watoto walemavu hospitalini Louisville. Mwaka 1963 alikopa pesa, akaja Afrika, akapanda mpaka Kabara, kwenye mlima Mikeno, njo akaona gorila mara ya kwanza. Kurudi kwao, akaandika ile safari katika gazeti la Courier-Journal. Mwaka 1966 alimuonyesha profesa Louis Leakey zile habari, na Leakey akamtafutia pesa za kurudi.

Januari 1967 akaanza kazi Kabara. Mtu wa huku kwetu, Sanwekwe, njo alimfundisha kufuata nyayo. Akajua kila gorila kwa mikunjo ya pua yake. Miezi sita tu, masoda wakamshusha mlimani, wakamfunga Rumangabo. Alivyosimulia mwenyewe, aliwaahidi pesa na karatasi za gari kama wakimpeleka Kisoro. Hapa bariyeri walibishana sana, kisha wakavuka. Kule Uganda masoda wakakamatwa, yeye akapona.

Hakukata tamaa. Tarehe 24 Septemba 1967 akaanzisha Karisoke, upande wa Rwanda. Mwaka 1970 National Geographic ilitoa habari zake, na 1983 akatoa kitabu. Dunia ikajua kama gorila si mnyama wa kutisha bule.

Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua Digit, gorila aliyempenda sana. Toka hapo akawa mkali zaidi, akagombana na wawindaji na wachungaji. Hapo hatumsifu: hata wao walikuwa na watoto wenye njaa. Desemba 1985 aliuawa usiku ndani ya nyumba yake Karisoke, akazikwa pale pale kando ya Digit.

Miaka ile gorila wa Virunga walikuwa karibu 250 tu. Hesabu ya 2015-2016 ilikuta 604. Lakini sisi wachimbaji tunakumbuka Kahuzi-Biega mwaka 2000: bei ya koltani ilipanda, watu wakajaa porini bila chakula, na gorila wakaliwa. Mtego wa swala hauchagui mguu. Tukienda kuchimba, chakula tutoke nacho nyumbani.