Dada Aliyelisha Watoto wa Adui

Vita ilikuwa imeisha Novemba 1918, lakini Uingereza na wenzake walikuwa bado wanazuia meli za chakula zisifike kwa adui. Watoto wa Ujerumani na Austria wakawa wanakufa njaa. Eglantyne Jebb, Mwingereza aliyewahi kuwa mwalimu, akachukua karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyebaki mifupa, akazigawa pale Trafalgar Square, London. Hebu fikiria! Watu wamezika vijana wao juzi tu, na huyu dada anawaombea maziwa watoto wa wale waliowaua. Alishikwa, akafikishwa kortini Mei 1919, akapigwa faini ya pauni 5. Kesi ilipoisha, kiongozi wa mashtaka, yule yule aliyemshtaki, akatoa pauni 5 zake mwenyewe akampa.

Mwezi huo huo, yeye na dadake Dorothy Buxton walizindua Save the Children katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Kuna waliokuja na matunda mabovu wamrushie. Akaongea, na michango ikaanza kuingia. Njaa ilipoingia Urusi mwaka wa 1921, shirika lilituma meli yenye tani 600 za chakula. Afya yake haikuwa nzuri. Alifariki Geneva mwaka wa 1928, akiwa na miaka 52.