Hans Nielsen Hauge, Mkulima wa Norwe

Hans Nielsen Hauge alizaliwa mwaka 1771 katika nchi ya Norwe, mwana wa mkulima. Mwezi wa Aprili mwaka 1796, alipokuwa akilima shambani kwa babaye, Mungu alimgusa moyo, naye akaanza kwenda kwa miguu huku na huko akiwahubiri watu toba. Wala hakutenga imani na kazi ya mikono: aliwasaidia wenziwe kuanzisha viwanda na biashara, maskini wapate kazi.

Lakini sheria ya mwaka 1741 ilikataza wasio wachungaji kukusanya watu pasipo ruhusa. Na miongoni mwa walioshitaki, twaona haya kusema, walikuwamo wachungaji. Mwaka 1804 akafungwa.

Mwaka 1809, Waingereza walipoziba njia ya bahari, nchi ilikosa chumvi. Wakubwa wakamtoa gerezani awatengenezee. Angaliweza kuwakatalia waliomfunga. Akaenda pwani, akafanya mahali pa kuchemshia maji ya bahari, kisha akarudi kifungoni.

Hukumu ilitoka mwaka 1814, akatozwa faini. Afya yake ilikuwa imekwisha haribika. Akafa mwaka 1824. Sheria ile ilifutwa mwaka 1842.