Maisha ya Otis Redding, Mwimbaji

Wengi wetu tumezisikia nyimbo za Wamarekani weusi ziitwazo soul, zikipigwa katika redio au nyumbani kwa wazee wenye santuri za zamani. Kati ya nyimbo hizo uko mmoja wa huzuni ya mapenzi, uimbwao polepole, uitwao I've Been Loving You Too Long. Yafaa tujue habari za mtu aliyeuimba, maana maisha yake yalikuwa mafupi lakini yana mafunzo mengi.

Otis Redding alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1941, katika mji mdogo wa Dawson, jimbo la Georgia, kusini ya Marekani. Alipokuwa mtoto wazazi wake walihamia mji wa Macon. Baba yake alifanya kazi katika kiwanja cha ndege za jeshi, na pia alikuwa mhubiri; basi mtoto alianza kuimba kanisani. Siku zile watu weusi wa kusini walitengwa na wazungu katika shule, mahoteli na hata katika mabasi.

Baba yake akapatwa na ugonjwa wa kifua kikuu, na nyumba ikakosa mtegemezi. Otis aliacha shule angali kijana wa miaka 15 hivi, akaenda kutafuta riziki. Alichimba visima, akauza petroli, na usiku alikwenda kushindana katika mashindano ya waimbaji mjini Macon. Alishinda wiki nyingi mfululizo, na tuzo ilikuwa dola 5 tu. Mwaka 1961 alioa mke, jina lake Zelma.

Mwaka 1962 bahati ilimjia kwa njia asiyoitazamia. Mpiga gitaa mmoja, Johnny Jenkins, aliitwa Memphis kutia muziki wake katika sahani kwenye kampuni ya Stax, na Otis alikwenda naye kama dereva wa motokaa. Kampuni hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ya sinema ya zamani. Ilikuwa mali ya wazungu wawili, Jim Stewart na dada yake, lakini humo weusi na weupe walipiga muziki pamoja, jambo la nadra sana katika mji ule. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri. Muda ulipokuwa karibu kwisha, dereva akaomba naye aimbe kidogo. Aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, uitwao These Arms of Mine, na wote waliokuwamo wakanyamaza kumsikiliza. Tangu siku hiyo hakuwa dereva tena.

Wimbo ule wa huzuni tulioutaja ulizaliwa hotelini, katika mji wa Buffalo. Mwimbaji mwenzake, Jerry Butler, alikuwa ameuanza lakini ameshindwa kuumaliza. Otis akaupenda, wakautengeneza pamoja, naye akautoa mwaka 1965. Habari yake ni ya mtu anayeona kuwa mpenzi wake amechoka naye na anataka kwenda zake, lakini yeye hawezi tena kuacha kupenda. Otis anaanza kwa sauti ya chini kama mtu anayesihi, kisha matarumbeta yanapanda ngazi kwa ngazi na sauti yake inapanda nayo, mpaka mwisho msikilizaji anadhani mtu huyu analia kweli. Ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi. Mwaka huohuo alitunga Respect, ambao Aretha Franklin aliuimba mwaka 1967 ukaenea duniani kote.

Mwezi wa Juni, 1967, Otis aliimba huko Monterey, California, mbele ya maelfu ya vijana, wengi wao wazungu ambao hawakumjua. Aliwaimbia wimbo huohuo wa huzuni, nao wakamshangilia sana. Baadaye alipasuliwa koo, ikambidi akae kimya wiki kadhaa. Aliporudi kazini alitia katika sahani wimbo wa namna mpya, wa upole, juu ya mtu akaaye gatini akitazama maji. Mwisho wake alipiga mbinja tu.

Siku tatu baada ya kazi hiyo, tarehe 10 Desemba, 1967, ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, karibu na mji wa Madison, Wisconsin. Otis alikufa pamoja na wengine sita, wanne kati yao wakiwa vijana wa bendi yake. Alipona mmoja tu, mpiga tarumbeta Ben Cauley. Otis alikuwa na umri wa miaka 26. Rafiki yake Steve Cropper, mpiga gitaa mzungu waliyetunga naye wimbo ule wa mwisho, aliumalizia akiwa na msiba moyoni. Mwezi wa Machi, 1968, ukawa wa kwanza katika Marekani nzima, na mwenyewe hakuuona ushindi huo.

Msomaji asidhani kwamba Otis alifaulu kwa sababu ya kuacha shule. Aliiacha kwa shida, si kwa kupenda. Mwaka 2007 mjane wake Zelma alianzisha shirika la kuwasaidia vijana wa Macon katika muziki na masomo, ili wao wapate nafasi ambayo yeye aliikosa. Sisi tuliobahatika kukaa darasani tuitumie bahati hiyo vizuri, maana hakuna ajuaye siku zake.