Kinjikitile: Dawa iliyofika Kilosa kabla ya kujaribiwa

Agosti 4, 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, Rufiji. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wanachelewa tu, dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge.

Alikuwa mganga wa Ngarambe. Mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi, alipandwa na pepo Hongo na kuzama mtoni. Ndugu zake walimtafuta bila mafanikio. Kesho yake akaibuka, nguo kavu kabisa. Kuanzia hapo watu wakamiminika Ngarambe.

Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Basi. Kilichokuwa kizito ni ahadi: risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Watu walikuwa wamechoka kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa lazima. Dawa hiyo ikawaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine ambao zamani kila mmoja alipigana kivyake. Wasambazaji waliipeleka kijiji hadi kijiji, mpaka kwa Wavidunda kwenye milima ya kusini mwa Mikumi, na kwa Wasagara wa Kilosa.

Jaribio kubwa lilikuja Agosti 30, 1905, wapiganaji walipoivamia boma ya Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamalizia. Hadi vita inaisha mwaka 1907, waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000.

Leo dawa za asili hupimwa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili. Lakini maji ya Kinjikitile yangepimwa, huenda yasingekutwa na sumu yoyote. Kosa halikuwa ndani ya kibuyu, lilikuwa kwenye ahadi.

Ndiyo maana kwa chupa yoyote ya mitishamba kuna maswali mawili: kilichomo ni hicho kilichoandikwa? Na je, kinafanya kweli kinachosemwa? Kujibiwa la kwanza hakutoshi.

Kinjikitile hakuishi kuona jibu la pili. Walilipata waliobaki, kuanzia Mahenge mpaka Kilosa.