Max Weber na mapinduzi ya Urusi

Vijana wetu wanaosoma elimu ya jamii chuo kikuu hukutana na jina la Max Weber mwaka wa kwanza. Wazazi wao pengine hawakupata kulisikia. Alizaliwa Erfurt, Ujerumani, mwaka 1864, mtoto wa mwanasiasa. Akawa profesa Heidelberg, kisha, baada ya baba yake kufariki mwaka 1897, maradhi ya nafsi yakamwandama hata akaacha kusomesha.

Mwaka 1905 Warusi walipoinuka dhidi ya mfalme wao, Weber alijifunza Kirusi kwa miezi michache tu ili asome magazeti yao kwa macho yake. Kwa hilo tumpe haki yake. Makala zake mbili ndefu za 1906 zilijaa habari za wasomi na wenye ardhi waliotaka katiba, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwao. Hata hivyo aliona kwamba wakulima walitaka ardhi kuliko katiba.

Mwaka 1917 mfalme alipoanguka, Ujerumani ilikuwa vitani na Urusi, na Weber alikuwa mzalendo wa kwao. Aliandika kwamba serikali mpya ni ya kidemokrasia kwa jina tu, na haitataka amani. Alitaka wafanyakazi wa Ujerumani wasivutwe na mfano ule. Ni kweli serikali ile iliendelea na vita. Asichokiona ni kwamba askari na wakulima walikwisha kuchoka, na kwamba yuko atakayeupanda uchovu wao mpaka ikulu.

Tarehe 7 Novemba 1917 alisimama mbele ya wanafunzi mjini Munich, akawafundisha kwamba mwalimu asiigeuze meza ya darasa kuwa mimbari ya siasa zake. Siku hiyo hiyo wafuasi wa Lenin walikuwa wakishika madaraka Petrograd. Weber aliuhesabu utawala wao kuwa udikteta wa askari, wala hakutarajia udumu. Ulidumu zaidi ya miaka 70.

Lakini mwaka 1918, mbele ya maofisa wa jeshi mjini Vienna, alisema ujamaa utaleta utawala wa makarani, si wa wafanyakazi. Hapo alipiga penyewe. Habari za makarani alikuwa amezichunguza miaka mingi. Umri wa utawala wa Lenin aliupima kwa chuki.

Uislamu nao aliuita dini ya wapiganaji. Sisi ambao dini ilitufikia kwa majahazi ya wafanyabiashara tunajua alivyokuwa mbali.

Mwaka 1919 kijana Ernst Toller alishitakiwa kwa kushiriki mapinduzi ya Munich. Weber, aliyeyapinga mapinduzi yale waziwazi, alikwenda mahakamani kumshuhudia kwa wema. Toller alifungwa miaka 5. Mwaka uliofuata, Juni 1920, Weber alikufa Munich kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 56. Mkewe Marianne ndiye aliyeyakusanya maandishi yake na kuyachapisha.