Harriette Chick: Mwanamke aliyethibitisha kuwa jua linakinga watoto na matege

Asubuhi ukipita Manundu, mjini Korogwe, si ajabu kumkuta mama kakaa nje ya nyumba, mtoto mchanga mapajani, anaota jua. Ukimuuliza sababu, atakwambia ndivyo alivyoelekezwa na bibi yake, au kliniki. Jua la asubuhi linakomaza mifupa.

Leo hilo ni jambo la kawaida. Lakini miaka 100 na ushee iliyopita, madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana matege yanasababishwa na nini. Mmoja wa watu waliomaliza ubishi huo ni mwanasayansi wa Kiingereza, Harriette Chick.

Walimkataa kwa sababu ni mwanamke

Chick alizaliwa London Januari 6, 1875, kwenye familia kubwa ya mfanyabiashara wa lesi. Baba alikuwa mkali wa dini, lakini mabinti zake aliwasomesha. Harriette akaingia chuo kikuu, akasomea sayansi ya vijidudu.

Mwaka 1905 aliomba nafasi ya utafiti katika Taasisi ya Lister, London. Baadhi ya wafanyakazi walimwomba mkurugenzi asimchukue, kisa ni mwanamke. Mkurugenzi hakuwasikiliza. Chick akaingia, na ndani ya miaka mitatu tu alikuwa ameshirikiana na mkurugenzi huyohuyo, Charles Martin, kutengeneza kipimo cha nguvu za dawa za kuua vijidudu. Kipimo hicho bado kina majina yao wawili.

Safari ya Vienna

Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, mji wa Vienna, Austria, ulikuwa na njaa kali. Maziwa na mafuta yalikuwa adimu. Watoto wengi walikuwa na matege: mifupa laini, miguu imepinda, kutembea shida.

Mwaka 1919 Chick alipelekwa huko akiongoza timu ya watafiti wanawake. Walifanya kazi kwenye hospitali ya watoto ya Profesa Clemens von Pirquet, daktari mwenye jina kubwa. Profesa mwenyewe aliamini matege ni ugonjwa wa kuambukiza. Hata hivyo aliwafungulia milango, akawapa wodi na vipimo.

Walichofanya kilikuwa rahisi kueleza, kigumu kutekeleza. Watoto wachanga waligawanywa makundi. Wengine walikula chakula cha kawaida cha hospitali. Wengine waliongezewa mafuta ya ini la samaki. Wodi ileile, usafi uleule, wauguzi walewale. Kila baada ya muda walipigwa picha za eksirei kuangalia mifupa.

Kiangazi kilipita bila tofauti kubwa. Baridi ilipoingia na jua kupotea, ukweli ukajitokeza. Wengi wa waliokula chakula cha kawaida walianza kupata matege. Waliopewa mafuta ya samaki, mifupa yao ilibaki salama.

Kisha wakawachukua waliokwisha kuugua. Wengine wakapewa mafuta, wengine wakalazwa juani, wengine wakawekwa chini ya taa zenye mionzi kama ya jua. Wote walipata nafuu. Kama ungekuwa ugonjwa wa kuambukiza, jua na mafuta visingetosha kuuondoa. Tatizo lilikuwa kitu fulani kinachokosekana mwilini. Mwaka 1922 mwanasayansi wa Marekani, Elmer McCollum, alikitambua kitu hicho kwenye mafuta ya samaki. Kikaja kuitwa vitamini D.

Chick aliendelea na utafiti wa lishe kwa miongo mingi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Lishe cha Uingereza mwaka 1941, na mwaka 1949 alipewa heshima ya Dame. Alifariki Julai 9, 1977, akiwa na miaka 102.

Kitovu, mama na jua la Tanzania

Swali la Chick halikufa naye. Siku hizi watafiti hupima vitamini D hata kwenye damu ya kitovu, kwa sababu mtoto akiwa tumboni huipata kwa mama peke yake. Ya mama ikiwa chini, mtoto huzaliwa na akiba ndogo, na maziwa ya mama nayo huwa na vitamini hiyo kidogo.

Barani Ulaya, wanawake wenye asili ya Afrika na Asia mara nyingi hukutwa na kiwango cha chini kuliko Wazungu. Ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi, na kule jua ni la kubahatisha.

Lakini kabila au rangi pekee haiamui. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania. Wastani wa Wamaasai ulikuwa nanomoli 119 kwa lita, Wahadzabe 109. Wataalamu wengi huhesabu chini ya 50 kuwa ni upungufu. Ngozi yao ni nyeusi, ila wanashinda nje, ingawa jua kali wanalikwepa wakiweza.

Korogwe wanaishi Wasambaa, Wazigua, Wabondei, Wapare na Wamaasai. Kwa vitamini D, kinachoweza kuwatofautisha zaidi ni nani anashinda shambani na nani anashinda ndani ya ofisi au duka, na nani amejifunika mwili mzima. Mjamzito anayeshinda ndani kutwa anaweza kupungukiwa hata akiwa Tanga, kwenye jua la kumwaga.

Kwa hiyo yule mama wa Manundu anayeota jua na mwanawe asubuhi, kabla halijawa kali, hafuati mazoea tu. Jambo analolifanya lilishapimwa Vienna, wodini, na wanawake ambao wengine hawakutaka hata waajiriwe.